Mungu katika Nafsi ya Pili: Buber na Levinas Chini ya Mlima Elgon

Martin Buber, katika Ich und Du (1923), alidai kuwa Mungu huitwa tu. Mwanadamu akimgeuza kuwa mada ya mazungumzo, amekwisha kumpoteza. Anayetaka kuufasiri mkabala huu kwa Kiswahili hukwama mapema. Du ni "Wewe", wala hapana tatizo. Lakini Es, yaani kile kinachotazamwa na kutumiwa, hakina kiwakilishi kimoja kwetu: ngeli humlazimisha mfasiri achague kati ya hiki, hili, huu na hii. Naye Mungu, aitwe au asimuliwe, hubaki katika ngeli moja na mtu. Wanapokuwa wengi ndipo sarufi huwashusha: husemwa miungu mingine, kama miti mingine. Nadhani Buber angalifurahia jambo hili.

Je, hoja yake yatosha kusomea sala za Wabukusu wa Bungoma na Kitale? Wele Khakaba, Mungu Mgawaji, huitwa moja kwa moja, na hapo Buber anatufaa. Hata hivyo, katika tambiko wahenga nao huitwa, chakula hutengwa kwa ajili yao, na jamaa hula pamoja. Wahakiki wamezoea kukiona chakula hicho kuwa pambo la maneno. Kwa maoni yetu, huko ni kulisoma tambiko kwa macho ya kanisani.

Emmanuel Levinas, katika Totalité et Infini (1961), alikataa kuuona uhusiano wa Mimi na Wewe kuwa wa sawa kwa sawa. Kwake, jirani yu juu yangu. Njaa yake ni amri, na kumwendea Mungu hupitia katika kuitii. Kwa mtazamo huu jina Khakaba hupata uzito mpya: Mgawaji anaitwa na watu ambao wenyewe wanagawa.

Ulinganisho huu, hata hivyo, unakatikia kwa wahenga. Levinas aliitilia shaka kila dini inayomzamisha mtu katika nguvu takatifu, na mfu anayelishwa angemtia wasiwasi. Lakini upande wa pili wa mlima, karibu na Mbale, wamo Abayudaya, walioanza kushika Torati mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Sala zao za Kiganda zafaa kusomwa sambamba na za Wabukusu kabla mtu hajadai kuwa swali hili la Kiyahudi ni la Ulaya peke yake.