Sauti Iliyoshiba: Hakiki ya Kinanda cha Umeme katika Ibada Zetu

Mtume Paulo, alipowaonya Wakorintho juu ya kunena kwa lugha, alitoa mfano wa filimbi na kinubi: chombo kisicho na uhai kisipotofautisha sauti zake, msikilizaji hawezi kutambua kinachopigwa (1 Kor. 14:7). Wafasiri huupita mfano huo upesi, kwa kuwa shabaha ya Mtume ni maneno, si vyombo. Sisi tungependa kukaa nao kidogo. Katika sharika nyingi za Kilutheri hapa Tanzania chombo kisicho na uhai kimepewa umeme, nacho husikika hadi barabarani pasipo kutambulika. Sauti ya kinanda chetu ni kubwa, na wakati huo huo ni nyembamba. Tunadai kwamba wembamba huo hautokani na uhaba wa nguvu, na kwamba dawa inayopendwa na kamati zetu, yaani kuongeza nguvu, ndiyo inayowanyamazisha washarika.

Tuchukue ibada moja ya mavuno tuliyohudhuria, katika usharika ambao hatutautaja. Kanisa lile lina kuta za saruji na paa la mabati. Mpiga kinanda alikuwa kijana mwenye mkono mzuri. Kabla ya ibada tulisimama karibu naye akijaribu piano yake ya dijitali kwa spika ndogo za chombo chenyewe, na sauti ilikuwa tamu: noti za chini zilikuwa na uzito wa kutosha, za juu ziling'aa. Wimbo wa kwanza ulipoanza kupitia spika kubwa, piano ile ile ikawa kama inapigwa ndani ya debe. Noti moja ilitoka wazi, jirani yake ikafifia. Mwalimu wa kwaya alimwashiria fundi mitambo, naye akaongeza sauti. Baadaye akaongeza tena. Kufikia ubeti wa tatu akina mama wa viti vya mbele walikuwa wamefunga vitabu vyao. Hawakuwa na hasira. Walikuwa tu hawajisikii tena.

Chanzo chake kinaelezeka. Piano ya dijitali haina nyuzi. Kwa kawaida hutoa sauti ya piano halisi iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili au zaidi, na ndiyo sababu nyuma yake kuna matundu mawili, la kushoto na la kulia. Sauti ya uzi mmoja ilizifikia maikrofoni hizo kwa nyakati zinazotofautiana kidogo sana. Mtu anayesikiliza kwa masikio mawili na spika mbili huipokea tofauti hiyo kama upana. Lakini pande mbili zikimiminwa pamoja katika njia moja, wimbi linalopanda upande mmoja hukutana na wimbi linaloshuka upande wa pili, nayo hufutana. Hayafutani yote, na hayafutani sawasawa. Kwa hiyo noti moja hubaki na nyingine hudhoofika. Hakuna amplifaya inayoweza kukirudisha kitu kilichokwisha kufutwa kabla ya kuifikia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile. Nyaya mbili ziliingia kwenye mikisa, na mikisa ikapeleka mchanganyiko mmoja kwa spika zote. Baada ya ibada tuliomba ruhusa tukaizima njia ya kulia, tukaiacha ya kushoto peke yake. Piano ikarudi, na usharika haukutumia hata shilingi moja. Hapa yafaa tutoe tahadhari: kuchomoa waya wa kulia kwenye kinanda chenyewe si sawa na kuizima njia yake kwenye mikisa. Vinanda vingi, waya huo usipokuwapo, hujumlisha pande zote mbili ndani yake na kuzitoa kwa tundu la kushoto, na ugonjwa hubaki pale pale. Baadhi ya vinanda vina sauti ya piano iliyotayarishwa kwa njia moja, nayo yafaa itafutwe kabla ya kitu kingine chochote. Usharika wenye mitambo ya pande mbili unaweza kutumia pande zote mbili, ila ukumbuke kwamba anayekaa karibu na ukuta wa kaskazini husikia zaidi upande wa kaskazini.

Sasa tuseme juu ya wati, maana hapo ndipo sadaka zinapokwenda. Amplifaya ya wati 200 badala ya wati 100, kwa spika zile zile, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini halishangazwi nayo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu zinahitajika desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Tungeomba hesabu hii isomwe kwa sauti kabla ya kila harambee ya mitambo.

Hatusemi kwamba nguvu haina kazi. Carl Philipp Emanuel Bach alisimulia kwamba baba yake, alipoitwa kukagua ogani mpya, kwanza alivuta vishikizo vyote na kupiga kwa ukamilifu wa sauti, ili ajue kama ogani ina mapafu mazuri. Piano nayo ina haja ya mapafu. Nyundo inapogonga, sauti huruka juu kwa nukta moja na kushuka, na mruko huo ni mkubwa mara nyingi kuliko wastani wa muziki. Amplifaya inayotumikishwa hadi mwisho wa uwezo wake huukata mruko ule, na kilichobaki ni ukali. Kwa hiyo nguvu ya ziada inunuliwe kama akiba isiyoguswa. Tatizo ni kwamba akiba hiyo, ikishaingia kanisani, huliwa yote Jumapili ya kwanza.

Mengine ni ya kawaida na twaweza kuyataja kwa haraka. Spika iliyowekwa sakafuni huhubiria magoti ya safu ya kwanza. Iinuliwe juu ya vichwa. Amplifaya ya gitaa haifai kwa piano, kwa sababu spika yake haikuundwa kutoa noti za juu kabisa. Sauti ikiwa na ukungu, fundi apunguze kidogo eneo la mitetemo 200 hadi 400 kwa sekunde kabla ya kuongeza kitu popote. Mwangwi wa bandia ulio ndani ya kinanda uzimwe; kuta za saruji zinao wa kutosha.

Linalobaki ni mikono, na hapa hatuwezi kumlaumu fundi. Mpigaji aliyezoea kujifunza nyumbani peke yake huijaza piano yote, kwa kuwa hana mwenzake. Akija kanisani huukuta mkono wake wa kushoto ukitembea mahali pale pale pa gitaa la besi, ambalo noti yake ya chini kabisa ina mitetemo 41 hivi kwa sekunde. Vyombo viwili katika chumba kimoja chembamba havileti unene, huleta tope. Mkono wa kushoto ukipanda, au ukinyamaza kabisa, kundi lote husikika limeshiba zaidi. Yeyote aliyeuimba wimbo wa Pasaka ulioandikwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966, kwa mahadhi ya Kihaya, anajua kwamba kiitikio ni cha watu wote. Tumesikia kiitikio hicho kikifunikwa na vidole kumi na pedali iliyokanyagwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Wako wenzetu wanaosema kwamba kelele ni furaha yetu Waafrika, na kwamba anayelalamika amevaa masikio ya Kizungu. Hatukubali. Ngoma ni kubwa kuliko kinanda chochote, lakini kati ya pigo na pigo huacha nafasi ambamo mwimbaji huingia. Bendi za matarumbeta za Kilimanjaro hupiga kwa nguvu, lakini wapigaji lazima wavute pumzi, na washarika huvuta pamoja nao mwishoni mwa kila mstari. Kinanda cha umeme ndicho chombo pekee kati ya hivyo kisicholazimika kupumua. Mpigaji asipokipumzisha kwa makusudi, wimbo hukosa mahali pa kuvutia hewa, na sauti huwa pana pasipo kina.

Kwa sisi Walutheri jambo hili si la mapambo. Vitabu vya nyimbo vya mwaka 1524 viliwapa watu Neno ili waliimbe kwa vinywa vyao wenyewe, na kwa muda mrefu ogani haikuwasindikiza. Ilipokezana nao, ubeti kwa ubeti. Usindikizaji ulienea katika karne ya 17, na Samuel Scheidt alichapisha kitabu chake cha tenzi mia moja kwa wapiga ogani mwaka 1650. Kinanda basi kilikuja kama mgeni katika wimbo uliokuwapo tayari. Mchungaji anayetaka kujua kama mgeni huyo amekwisha kumtoa mwenye nyumba asiulize madhabahuni, mahali ambapo kila kitu husikika vizuri. Ashuke katikati ya wimbo, asimame safu ya nyuma, asikilize kama anamsikia mtu aliye kando yake. Ikiwa hamsikii, ampe fundi ishara, na ishara hiyo iwe ya mkono unaoshuka.

Mvua juu ya mabati ni suala jingine, na hakuna mtambo unaoiweza. Katika usharika ule ule, tuliporudi wakati wa masika, kijana yule aliinua mikono kutoka kwenye kinanda mvua ilipoanza, akaiweka magotini. Washarika wakaendelea na ubeti uliobaki bila yeye.