Mikono ya Jacques Pépin

Kisu hakimgusi kuku mara nyingi. Jacques Pépin anapomtoa kuku mifupa yote bila kumkatakata, kazi kubwa hufanywa na vidole. Anaanzia shingoni, anaparura nyama mpaka ule mfupa mdogo wenye umbo la V ujitokeze, anauchomoa. Anamlaza kuku ubavu, anapasua ngozi ya mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, kisha ncha ya kisu inatafuta ungio la bega. Ikishalipata, anakata mara moja tu, kisu kinawekwa kando. Sasa anashika mzoga kwa mkono mmoja na kuvuta nyama kwa mwingine, nayo inabanduka yenyewe. Paja nalo anapindua mpaka liteguke, anakata mshipa, anavuta. Mwisho wake gofu la mifupa liko upande mmoja, tayari kwa supu, na upande wa pili amelala kuku mzima asiye na mfupa, ametandazwa ubaoni kama shati lililovuliwa, ngozi haina hata tundu. Muda wote huo mzee anapiga soga na watazamaji, na wala haangalii sana anachokifanya.

Nimewatazama wapishi wengi wa televisheni, na wengi wao ni watu wa maneno. Kuna anayepiga kelele, kuna anayelia kwa furaha akionja chumvi yake mwenyewe, na kuna mashindano ambayo saa inahesabu na mpishi anatetemeka kana kwamba anategua bomu. Pépin hana hayo. Ukizima sauti ya kipindi chake bado unajifunza upishi, kwa sababu anayefundisha pale ni mikono. Na jinsi mikono hiyo ilivyofika mbele ya kamera ni habari nyingine, maana kamera haikuwa mpango wake hata kidogo.

Alizaliwa mwaka 1935 Bourg-en-Bresse, mji wa Ufaransa ulio karibu na Lyon, katika eneo linalosifika kwa kuku. Vita vilimkuta mdogo. Baba yake, seremala wa samani, aliingia msituni na wapiganaji waliopinga utawala wa Wajerumani. Mama akabaki na watoto wa kiume na chungu kisicho na kitu. Wakati wa likizo watoto walipelekwa kwa wakulima, mahali ambapo angalau maziwa hayakukosekana. Mwenyewe amesimulia usiku wake wa kwanza katika shamba la namna hiyo, akimlilia mama yake, na jinsi mwenye shamba alivyomchukua kwenda kukamua ng'ombe, akanywa maziwa yakiwa bado ya moto. Baada ya vita mama yake alifungua mgahawa, na mtoto akakulia katikati ya sufuria na masinki.

Alipofikisha miaka 13 aliacha shule, akaingia uanagenzi katika Grand Hôtel de l'Europe ya mjini kwao. Uanagenzi wa wakati ule haukuwa na daftari wala mapishi yaliyoandikwa. Mtoto alifagia, aliwasha jiko la kuni na makaa, alinyonyoa kuku, alimenya viazi, akawa anaona. Akiuliza kwa nini, jibu lilikuwa kwamba ndivyo inavyofanywa. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba siku alipoambiwa aanze kupika alishangaa kujikuta anajua, ingawa hakuna aliyekuwa amekaa naye kumfundisha. Mtu aliyejifunza kupika ubwabwa kwa kusimama karibu na bibi yake atalielewa jambo hili bila kuelezwa. Maji ni kiasi gani? Anaangalia sufuria, anajua.

Kutoka hapo alikwenda Paris, kwenye jiko la hoteli ya Plaza Athénée, na katika utumishi wake wa kijeshi akapewa kazi ya kuwapikia viongozi wa serikali, akiwemo Charles de Gaulle. Mwaka 1959 alihamia Marekani, akaajiriwa Le Pavillon, mgahawa wa Kifaransa uliokuwa na jina kubwa kuliko yote New York. Haukupita muda akaombwa kwenda kupika Ikulu ya Rais Kennedy. Akakataa. Badala yake akaenda Howard Johnson's, kampuni ya mikahawa ya kando ya barabara, ambako alianza kwa kugeuza baga. Watu wa fani yake walimwona amepotea. Alidumu huko miaka kumi, akijifunza kupika supu kwa mapipa na kuilinda isipoteze ladha ikisafirishwa mbali. Usiku alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, akafika hadi shahada ya uzamili katika fasihi ya Kifaransa. Alipopendekeza kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu chakula katika fasihi hiyo, alikataliwa. Chakula kilionekana hakina uzito wa kitaaluma. Mimi ningelipa nauli kwenda kuisoma tasnifu ile.

Halafu ukaja mwaka 1974. Alikuwa anaendesha gari katika jimbo la New York, kulungu akaruka barabarani. Gari likapinduka, likawaka moto. Alivunjika mgongo, nyonga, mkono, na mifupa mingine mingi. Madaktari hawakuwa na hakika kama angetembea tena. Alitembea, ila mkono wa kushoto haukurudi kuwa ulivyokuwa, na ile kazi ya kusimama saa kumi na nne mbele ya moto, kunyanyua masufuria na kukimbizana na oda, ikawa imekwisha. Alikuwa hajafika miaka 40.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Ufundi wake wote ulikuwa mwilini, haukuwa umeandikwa popote, na mwili ndio uliovunjika. Akaanza kuzunguka Marekani akifundisha katika shule ndogo za upishi na maduka ya vyombo, na mwaka 1976 akatoa kitabu kiitwacho La Technique. Kimejaa picha za mikono: kidole kikae wapi kitunguu kinapokatwa, kisu kiegemee kifundo gani, ngozi ya samaki ishikwe upande upi. Yale ambayo uanagenzi ulimpa kimyakimya kwa miaka, aliyavunja hatua kwa hatua ili mtu asiye na mwalimu ayapate. Tom Colicchio, mpishi aliyekuja kupata jina kubwa Marekani, alijifunza mwenyewe kwa vitabu vya Pépin.

Televisheni ilikuwa hatua iliyofuata tu. Vipindi vyake vingi vilitengenezwa na kituo cha umma cha KQED huko San Francisco; kimoja alikifanya na binti yake Claudine, kingine mwaka 1999 na Julia Child, mpishi mwenzake wa televisheni, ambamo wanabishana juu ya pilipili nyeupe na nyeusi kama mtu na dada yake. Divai haikosekani mezani, nyama ya nguruwe nayo ipo. Mtazamaji asiyevitumia ataviruka na kubaki na mengine tele.

Kama ni lazima uchague kipande kimoja, tazama anavyopika vimanda viwili. Cha kwanza ni cha nyumbani kabisa: mayai yanaachwa yashike, yanapata rangi ya kahawia, yanakunjwa. Cha pili ndicho kinachowatoa jasho wapishi wa hoteli. Mkono mmoja unatikisa kikaango bila kukoma, mwingine unakoroga kwa uma, mpaka mayai yawe uji wenye chembe ndogondogo. Kabla hayajakauka anainamisha kikaango, anayakusanya ukingoni, kisha anagonga mpini kwa ngumi, na ukingo wa kimanda unapanda wenyewe tayari kukunjwa. Kinatua sahanini kikiwa cha manjano tupu, hakina doa, ndani laini. Kwetu kimanda mbichimbichi namna hiyo kingerudishwa jikoni. Naye hasemi kwamba hicho ndicho bora. Anasema ni viwili tofauti, kula unachopenda. Ila tazama ule mkono wa kushoto ukishika kikaango. Hajatumia dakika hata moja ya kipindi kuomba uuhurumie.

Njaa ya utotoni nayo ipo katika kila anachofanya. Majani ya juu ya kitunguu yanaingia supuni, mkate mkavu unasagwa, siagi inafutwa kwenye karatasi yake mpaka mwisho. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani na janga la korona, alirekodi jikoni kwake Connecticut vipande vifupi vya mapishi ya vitu vilivyosahaulika kwenye jokofu. Mkewe Gloria, waliyeoana mwaka 1966, alifariki Desemba mwaka huohuo. Vipande viliendelea kutoka.

Tangu mwaka 2016 kuna taasisi yenye jina lake, aliyoianzisha na Claudine na mkwewe Rollie Wesen. Inasaidia vituo vinavyofundisha upishi bure kwa watu ambao ajira imewapita kando: waliotoka gerezani, wasio na makazi, wanaojinasua kwenye dawa za kulevya. Wanaanza pale alipoanzia yeye, kwenye kumenya na kufagia, na wanafundishwa kushika kisu.