Herufi Mbili Kutoka Kiwanda cha Cherehani

Laini Saba, Kibera, Nairobi, karibu na reli, kuna fundi mmoja wa nguo anayetumia cherehani ya Singer ya kukanyaga. Rangi nyeusi imekwaruzika na maua ya dhahabu yamebaki nusu. Nilipeleka suruali ibadilishwe zipu, nikamwomba aipanguse sehemu yenye namba. Akachovya kitambaa kwenye mafuta, akasugua taratibu, herufi ikajitokeza: Y, kisha tarakimu. Hiyo Y ndiyo iliyoniambia kwamba mashine ilitoka kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland. Fundi alicheka. Kwake namba ile ilikuwa uchafu tu wa kiwandani.

Ninaanza na cherehani kwa sababu kiwanda hicho hicho kilitengeneza vipuri vya bastola wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vilipigwa mhuri wa SM, vingine SSM, vikapelekwa Enfield, kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza kaskazini mwa London, kuunganishwa. Mtu anayeishika bastola ya aina hiyo leo na kuiita kwa jina la kampuni nyingine, “Webley”, amekosea, ingawa makosa yake yanaeleweka.

Bastola ninazozungumzia hapa ni zile zinazokunjuka. Unabonyeza kiwiko cha ubavuni karibu na nyundo, mtutu unainama mbele, na maganda yote sita yanasukumwa nje kwa mpigo mmoja. Ndizo walizofunga kiunoni maafisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza lililoundwa 1902. Askari wa Kinubi waliokaa Kibera walibeba bunduki ndefu, na wazee hulihusisha jina la Laini Saba na uwanja wao wa kulenga shabaha. Bastola ilikuwa chombo cha bwana mkubwa. Ndiyo maana watu wengi waliiona ikiwa ndani ya mkoba wa ngozi tu, na jina moja, Webley, likatosha kwa zote.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Webley & Scott wa Birmingham waliisaidia Wizara ya Vita ya Uingereza kubuni bastola nyepesi ya kipimo cha .38. Serikali ikauchukua mchoro, ikaurekebisha kidogo, ikaanza kuitengeneza yenyewe kule Enfield mwaka 1932. Webley walidai pauni 2,250 za kazi yao, wakakataliwa, na baadaye tume ya kuwafidia wavumbuzi ikawapa 1,250. Matokeo yake ni bastola mbili zinazofanana kama watoto wa mama mmoja. Umbo halitakusaidia sana kuzitenganisha. Mihuri itakusaidia.

Enfield hujitaja yenyewe ubavuni, chini ya nyundo: taji, neno ENFIELD, No. 2, toleo, na mwaka. Ukiona nyota baada ya Mk I, hilo ni toleo la 1938, lililoondolewa pembe ya nyundo ili isinase kwenye nguo za askari wa vifaru. Palipotakiwa kuwa na ENFIELD pakiwa na ALBION, usidhani ni jina la mwenye bastola. Albion Motors walikuwa watengenezaji wa malori wa Glasgow. Wao na Coventry Gauge & Tool, waliopokezwa kazi hiyo, walikuwa wametoa takriban bastola 24,000 kufikia 1945.

Webley ya .38 ina lugha nyingine. Juu ya fremu huandikwa MARK IV, na kwenye mtutu .38 145/200. Namba hizo mbili za mwisho ni uzito wa risasi kwa kipimo cha greni. Nyingi za wakati wa vita zina maneno WAR FINISH, yaani kiwanda kinajitetea mapema: usitulaumu kwa ukwaruzo huu, tuko vitani. Binafsi naona huo ndio mhuri wa kweli kuliko yote niliyowahi kusoma kwenye chuma. Kisha kuna alama ya jumba la kupimia silaha la Birmingham, lililoanzishwa 1813: taji juu ya herufi, likithibitisha kwamba bastola ilifyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida na haikupasuka.

Wanaoanza huishia kwenye jina la kiwanda, na hapo ndipo ninapogombana nao. Jina la kiwanda linakuambia ilikozaliwa tu. Ukitaka kujua ilikopita, tafuta mshale mpana, ile alama ya mistari mitatu inayokutana nchani, inayosema hii ni mali ya serikali. Mishale miwili iliyogusana kwa ncha inasema serikali imeiuza. Bila mshale wowote, huenda afisa aliinunua kwa pesa zake, na pengine utakuta jina la duka la Army & Navy juu ya fremu. Nambari ya silinda nayo ilinganishwe na ya fremu. Zikitofautiana, kuna fundi aliyewahi kuchanganya mabaki.

Na si kila inayokunjuka ni ya Mwingereza. Herufi ELG na nyota ndani ya yai ni za Liège, Ubelgiji, na mji huo ulinakili silaha za kila mtu. Kichwa cha bundi kwenye mpini ni cha Iver Johnson wa Marekani. (Sijui ni nani kwetu angekubali kutembea usiku akiwa amemshika bundi.)

Sasa chukua kesi inayojulikana kuliko zote. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa kwa kupatikana na bastola ya .38 aina ya Webley Scott na risasi sita. Alihukumiwa kifo, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Zaidi ya kuthibitisha kwamba alikuwa nayo, mahakama ilihitaji kujua mawili: kwamba kile kilikuwa silaha, na kwamba mshtakiwa hakuwa na kibali. Katika kuitambua silaha, jina la kiwanda na kipimo cha mtutu vilitosha. Msomaji wa mihuri angeuliza la tatu: je, ina mshale? Ina herufi za kikosi au za polisi kwenye mpini? Maana bastola ya Birmingham haikuota msituni. Ilitoka ghala fulani au kiunoni mwa mtu fulani, na mihuri ya umiliki ndiyo ingeonyesha ilikotoka.

Kando yake weka bunduki zilizotengenezwa na Mau Mau wenyewe: bomba la maji, komeo la mlango, mpira wa kuvutia. Hazina taji, mshale wala mwaka. Za namna hiyo husomwa kwa namna bomba lilivyokatwa na waya ulivyofungwa, na huo ni uchambuzi wa safu nyingine.

Ukikuta bastola ya namna hii kwenye sanduku la marehemu babu, usiikunjue kuona kama ina risasi, na usiisugue kwa msasa au brashi ya waya, kwa sababu mihuri mingi ina kina kidogo kuliko kutu. Usitembee nayo mtaani pia. Kuwa na silaha bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Iache ilipo, nenda kituo cha polisi ukaeleze, na uombe namba na alama zote ziandikwe kwenye kitabu cha ripoti mbele yako kabla haijachukuliwa.