Pongezi kwa Fundi wa Baiskeli

Mtu atokaye mjini Unguja alfajiri, kabla jua halijawa kali, akaifuata kwa baiskeli njia ya Bububu hadi kwenye hamamu ya Kidichi iliyojengwa zama za Seyyid Said, si kwa haja ya biashara bali kwa furaha ya nafsi tu, hudhani safari yake yategemea nguvu za miguu yake. Kumbe yamtegemea zaidi fundi aketiye chini ya mwembe na besheni lake la maji.

Mtazame kazini. Mpira uliotoboka huutia upepo, akauzamisha majini kipande kwa kipande hata mapovu yamfichulie tundu. Huukausha, akaukwaruza kwa msasa, akapaka solushani, kisha, na hapo ndipo subira yake idhihiripo, akangoja ikauke kidogo ndipo abandike kiraka, kwani cha mwenye pupa hubanduka njiani. Gurudumu lililopinda hulizungusha mbele ya jicho moja, akikaza spoki hii na kulegeza ile.

Mimi niliwahi kuiegemeza baiskeli yangu ukutani mwezi mzima, kwa uvivu nilioupa jina la shughuli, na kilichonirudisha barabarani hakikuwa azma wala nasaha ya tabibu, bali fundi aliyeniuliza bila ya kejeli, “Bwana, mbona mnyororo umeshika kutu?” Akautia mafuta, akakataa ujira. Kesho yake nilikwenda Kidichi, kwa njia ile ile niliyodhani nimeichoka.

Nawe msomaji, akikuzibia pancha, usimpunje.