Nomino Kwanza, Kitenzi Baadaye: Kuandika Kiingereza cha Kigali

Oktoba 2008 baraza la mawaziri la Rwanda liliamua Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Waliosomeshwa kwa Kifaransa walijikuta wakiandika barua, ripoti na mikataba kwa lugha nyingine. Katika uandishi huo, kanuni za sarufi hazitoshi. Lililo gumu ni kujua kitenzi kipi huandamana na nomino ipi.

Chukua mtihani. Kwa Kifaransa, "passer un examen" ni kuufanya tu. Mwombaji kazi akiandika "I passed the exam" kwa maana hiyo, mwajiri ataelewa kwamba amefaulu, hata kama matokeo hayajatoka. Kiingereza hutumia "sit" au "take" kwa kufanya, na "pass" kwa kufaulu. Sentensi haina kosa la sarufi, lakini habari iliyomo si ya kweli.

Chukua rufaa. Kinyarwanda kina kitenzi kimoja, "kujurira". Kifaransa husema "interjeter appel", na kitenzi hicho hakina kazi nyingine ya maana nje ya rufaa. Sisi tunaikata. Waingereza husema "lodge an appeal" au "file an appeal". Mantiki haikupi jibu hapa. Ni mazoea ya wenye lugha. Ndiyo maana Harold Palmer, aliyefundisha Kiingereza Japani, alitoa Tokyo mwaka 1933 ripoti nzima juu ya maneno yanayoandamana: aliona kwamba mgeni hana budi kuyajifunza yakiwa pamoja.

Kisha kuna muktadha, na hapa ndipo ustadi wa mwandishi unapopimwa. Mnyarwanda "huua" sheria, na "huua" mkataba pia, kwa kitenzi kilekile "kwica". Mswahili huvivunja vyote viwili. Kiingereza hugawa kazi hiyo. Mwanahabari ataandika "broke the law". Wakili anayedai fidia ataandika "breached the contract". Mwandishi wa hati ya kisheria ataandika "contravened the provisions". Ukimwandikia jirani kwamba ame-"contravene" makubaliano yenu ya ukuta, atahisi umempeleka mahakamani. Ukiweka "broke" ndani ya hati ya madai, hoja yako itasikika kama mazungumzo ya barazani.

Kigali ina shule ya bure ya jambo hili: Igazeti ya Leta, ambamo sheria zimechapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Fungua sheria ya makosa na adhabu ya 2018. Penye "gukora icyaha" upande wa Kiingereza unasema "commits an offence", na wa Kifaransa "commet une infraction". Kinyarwanda kinatumia kitenzi cha kawaida cha kufanya. Kiingereza kinakataa "do".

Kwa hiyo usianze na kitenzi ulichozoea ukakitafsiri. Anza na nomino, tafuta vitenzi vinavyoishi nayo, kisha uliza nani atasoma. Katika daftari andika jozi nzima pamoja na mahali pake: sheria, gazeti au barua. Walimu nao watahini jozi hizo, kwa sababu mwanafunzi aliyekariri "appeal" bila "lodge" amebeba nusu ya neno.