Vurugu kwa Kipimo

Tazama Schotter, mchoro wa Mjerumani Georg Nees wa mwaka 1968 hivi. Juu kabisa kuna miraba 12 iliyopangwa bega kwa bega, imenyooka kama vigae vya fundi asiye na haraka. Shuka kidogo, kona moja imeinama. Shuka tena, miraba imeanza kupandiana. Ukifika safu ya 22, ya mwisho, kila mmoja umekwenda upande wake.

Wengi wakiuona husema ni kazi ya nasibu. Mimi naona nasibu ilikuwa kibarua tu. Msimamizi alikuwa Nees. Mwanahisabati huyu wa Siemens mjini Erlangen aliandika programu fupi kwa lugha ya ALGOL. Kila mraba hupewa namba tatu za nasibu: usogee kando kiasi gani, upande au ushuke kiasi gani, na ugeuke nyuzi ngapi. Namba hizo haziruhusiwi kuvuka mpaka, na mpaka wenyewe hupanuka kadiri mchoro unavyoshuka. Mwanzoni ni kama haupo. Mwishoni mraba unaweza kusogea nusu ya upana wake na kugeuka hadi nyuzi 45, kulia au kushoto. Kwa nini 45 na si 180? Mraba una pande na pembe sawa, kwa hiyo 45 zinatosha kuupa kila mkao. Hapo namvulia kofia.

Sasa ipe miraba yote 264 uhuru kamili tangu safu ya kwanza. Utapata rundo ambalo jicho halijui lianzie wapi. Nasibu ni ileile, mchoro umekufa.

Tena hata nasibu yenyewe ni ya kupikwa. Programu ya Nees hairushi shilingi: huchukua namba ya kuanzia, huizidisha, hugawanya, na baki ndiyo namba inayofuata. Ukiirudishia namba ileile ya kuanzia, utapata mchoro uleule hadi kona ya mwisho.

Nees alipoonyesha michoro yake ya awali mjini Stuttgart mwaka 1965, baadhi ya wasanii waliofika walikasirika. Inasimuliwa kwamba mmoja alimuuliza kama mashine ingeweza kuchora kwa mkono wake yeye, msanii. Nees akamjibu kwamba inaweza, mradi amweleze kwanza mkono huo unachoraje.