Kiatu Kilichopasuliwa

Nilimwomba fundi aipasue. Aliibana moka kati ya magoti, akachukua kisu chake cha kukatia soli, kile alichokitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma, akaanzia kisigino mpaka ncha. Ilifunguka bila ubishi. Moka hiyo ya kahawia niliinunua mpya dukani kwa shilingi 45,000, ikiwa kwenye boksi lake pamoja na ile pakiti ndogo ya chembe za kunyonya unyevu. Ilidumu wiki saba. Masika ilianza wiki ya sita.

Tabaka la juu kabisa, lile linalogusa soksi, lilikuwa plastiki nyembamba yenye nembo ya rangi ya dhahabu. Chini yake kulikuwa na kadibodi. Viwanda vya viatu vina kadibodi yao ngumu ya kazi hiyo, haina ubaya. Hii ilikuwa kadibodi ya boksi, yenye mawimbi katikati, nayo ilikuwa imevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Kisigino kilikuwa ganda tupu lenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Na ule mstari wa mshono uliozunguka ukingo wa soli, ambao ndio ulionitoa pesa mfukoni, haukuwa uzi hata kidogo. Ulikuwa umechorwa ndani ya plastiki yenyewe, tundu kwa tundu, kisha ukapakwa rangi ya maziwa.

"Huu mshono wa picha, kaka," fundi akasema, akaupitisha ukucha juu yake.

Mwanaume anayetafuta kiatu kimoja cha kutokea, kisicho cha suti wala cha mazoezi, kitakachokaa vizuri na jinzi Jumamosi na kadeti Ijumaa ofisini, kwa kawaida huanza na rangi, halafu umbo, halafu bei. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Baada ya kuona utumbo wa moka ile nimegeuza mpangilio: naanza na pale soli inapokutana na sehemu ya juu. Kwenye viatu vya bei yetu, kiungo hicho ndicho unachonunua. Mengine mengi fundi anaweza kuyarekebisha au wewe unaweza kuyavumilia.

Viatu vingi vinavyouzwa leo, vya ghali na vya rahisi, vimegandishwa kwa gundi tu. Gundi yenyewe si kosa. Kiwandani ngozi hukwaruzwa kwanza kwenye ukingo wake mpaka ung'oke ule mng'aro, kwa kuwa gundi haishiki juu ya uso laini. Kisha pande zote mbili hupakwa, hupashwa moto, na kubanwa kwa mashine. Ukiruka hatua ya kukwaruza, kiatu kitaonekana sawasawa siku ya kuuzwa na kitaachama mdomo siku ya dimbwi la kwanza. Joto nalo lina mkono wake. Gundi iliyoamshwa kwa moto hulainika tena kwa moto, na kiatu kilichoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam hupata moto wa kutosha.

Ndiyo maana watu wengi mjini wakinunua kiatu kipya hukipitisha kwa fundi kabla hata ya kukivaa, kipigwe uzi. Wageni huona ajabu: kiatu kizima kinapelekwa kutengenezwa! Lakini tazama fundi mzuri anavyofanya. Hatoboi tu na kushona. Kwanza huchora mfereji kuzunguka soli kwa ncha ya kisu, wa kina cha kama milimita mbili, ndipo anapoingiza sindano yenye kijino na kuvuta uzi wa nailoni ulale ndani ya mfereji huo. Uzi uliolala mferejini haukanyagi lami. Uzi uliopita juu juu unasagwa na barabara ndani ya mwezi, na ukikatika sehemu moja mstari mzima unaanza kulegea. Kwa hiyo unapompa fundi kiatu, usiulize bei peke yake, muulize kama anachora mfereji. Ukiona amekasirika kwa swali hilo, nenda kwa mwingine.

Dawa hiyo ina mipaka. Soli nyembamba yenye vyumba kama ya moka yangu haishoneki, sindano inapita hewani. Na ipo soli nyingine ambayo haiponi kwa uzi wala kwa gundi, nayo huwapata zaidi wapenzi wa mitumba.

Miaka michache iliyopita nilipata buti la ngozi, la Ulaya, soli nene, ndani halina hata alama ya kidole. Nilijiona nimeokota dhahabu. Siku ya nne nikiwa kwenye kivuko cha Kigamboni niliona vumbi jeusi linanifuata sakafuni, nikadhani ni uchafu wa mtu mwingine. Nilipofika ng'ambo nusu ya kisigino ilikuwa imebaki majini na kwenye ngazi. Soli ilikuwa inameguka kama keki kavu.

Kinachotokea ni kemia ya kawaida. Soli nyingi nyepesi na laini hutengenezwa kwa poliyurethani, na aina nyingi za poliyurethani huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewani. Maji huingia kwenye minyororo ya plastiki hiyo na kuikata, na joto huharakisha kazi. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba kutokuvaliwa hakukiokoi kiatu. Kinazeeka kikiwa kabatini. Lile buti "jipya kabisa" kwenye belo huenda lilikaa miaka kumi kwenye ghala la mtu, na huku kwetu pwani likakutana na hewa ya kulimalizia. Kwa mtumba, basi, usafi uliopita kiasi ni sababu ya kuuliza maswali. Bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba: ikirudi polepole na kuacha kovu, au ukihisi inanata, iache. Kikunje kiatu mpaka ncha ikaribie kisigino, tafuta nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu. Soli ya mpira hasa haifi namna hiyo. Inakuwa nzito kidogo mkononi, inakwaruza ukiipitisha kwenye saruji, na huwa na harufu yake. Plastiki ngumu ya PVC ni nzito pia, ila inateleza kwenye vigae vilivyolowa. Ile nyepesi ya EVA, ndugu yake ndala, ni raha siku za mwanzo, kisha inalala chini ya kisigino na hainyanyuki.

Kuhusu ngozi, nisemalo ni fupi. Kijana anayepitisha kiberiti cha gesi juu ya kiatu ili kukuonyesha kwamba ni ngozi hajakuonyesha chochote. Mwali wa sekunde moja hauyeyushi hata plastiki nzuri. Chungulia mahali palipokatwa, kwenye ulimi au ndani ya tundu la kamba. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zisizo na mpangilio, na ya bandia huonyesha kitambaa kilichofumwa.

Sasa jozi iliyoshika nafasi ya moka. Niliikuta kwenye soko la Karume, Ilala, kwenye meza ya kijana aliyekuwa amezipanga kwa rangi: buti fupi la kifundoni, ngozi ya swedi, rangi ya ugoro, matundu mawili tu ya kamba kila upande. Wakenya wanalijua umbo hili kama buti la safari, lile ambalo Bata wamelitengeneza kwa miaka mingi katika kiwanda chao cha Limuru. Asili yake ni ya kutangatanga. Makaburu wa Afrika Kusini walikuwa na kiatu chao cha shambani, veldskoen, cha ngozi isiyong'arishwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia maofisa wa jeshi la Uingereza waliopita Cairo walijishonesha buti fupi za swedi zenye soli ya mpira asilia kwenye masoko ya huko, na mmoja wa wana wa ukoo wa Clark, watengenezaji wa viatu wa Uingereza, Nathan, akaziona miguuni mwao akiwa Burma. Kampuni ya familia yake haikuvutiwa sana. Mwaka 1949 alizipeleka kwenye maonyesho ya viatu Chicago, na huko zikakubalika.

Kilichonifanya nilipie si historia. Ni namna buti la aina hii linavyounganishwa. Kwenye kiatu cha kawaida ngozi hukunjwa kuingia ndani, chini ya unyayo, ikafichwa na gundi. Kwenye hili ngozi hukunjwa kuelekea nje, kama pindo la suruali lililoachwa wazi, ikalala juu ya ukingo wa soli na kushonwa hapo hapo machoni pa kila mtu. Mshono wa picha hauwezekani, maana ukivuta ukingo kidogo unaona uzi unazama upande mmoja na kuibukia wa pili. Fundi naye hahitaji mashine kuurudia ukikatika. Anafuata matundu yale yale.

Lina aibu zake. Yale yenye soli ya mpira asilia usiochanganywa, wa rangi ya asali, hunata kwenye joto na kuokota kila takataka ya stendi. Nilichagua lenye soli ya mpira mweusi kwa sababu hiyo. Swedi nayo haitaki kiwi. Inataka brashi kavu, na ikilowa ijazwe magazeti na kukaushwa kivulini. Masika ukiitupa uvunguni utaikuta na ukungu.

Kwa upande wa mavazi, rangi ya ugoro inafanya kazi ambayo nyeusi haiwezi. Nyeusi inayong'aa ikivaliwa na jinzi inakufanya uonekane umetoka kazini ukasahau kubadili, na vumbi letu jekundu linaiumbua kufikia saa nne asubuhi. Kahawia isiyong'aa inalimeza vumbi. Inakubali jinzi ya bluu iliyokolea, kadeti ya rangi ya mchanga, hata shati la kitenge la siku ya kwenda kutoa posa, ingawa kwenye posa wajomba watakutazama miguu zaidi ya uso. Raba nyeupe ya ngozi inaifuatia kwa karibu, mradi ukingo wa soli uwe na uzi wa kweli na isiwe na maandishi makubwa ubavuni. Viatu vya kuchongoka sana nimeviacha. Havina ubaya ukumbini, lakini vinakulazimisha uvae vizuri kila vinapotoka, na kiatu cha kutokea hakitakiwi kumtuma mwenyewe.

Kuna kipimo kimoja ambacho magazeti ya mitindo ya Ulaya hayakitaji, nacho kwetu ni cha kila siku: kuvua. Mtu anavua msikitini, anavua kwenye sebule yenye zulia, anavua kwa mama mkwe. Buti lenye matundu manane kila upande ni adhabu mlangoni, huku wenzako wamekwisha kuketi. Matundu mawili yanalegezwa kwa mkono mmoja. Moka inashinda hapo, nakiri. Soksi iliyotoboka haina mshindi.

Nambari inataka utulivu, kwa sababu kwenye meza moja ya mtumba utakuta mifumo mitatu. Nambari za bara la Ulaya hupanda kwa thuluthi mbili za sentimita, za Uingereza kwa thuluthi moja ya inchi, na za Marekani kwa wanaume huwa mbele ya za Uingereza kwa moja hivi. Kwa hiyo 42, 8 na 9 zinaweza kuwa mguu mmoja. Mimi nabeba kijiti nilichokikata kwa urefu wa mguu wangu jioni, wakati umevimba, nikaongeza upana wa kidole. Kikiingia ndani ya kiatu bila kupinda, najaribu. Kisha naangalia upana, kwani miguu iliyokulia pekupeku na ndala imetanuka mbele, na swedi itatanuka nayo kidogo, plastiki haitatanuka kamwe.

Hesabu ilikwenda hivi. Kijana alianzia shilingi 40,000, tukakutana kwenye 28,000. Kwa fundi nililipa 7,000 apige uzi wa pili kuzunguka, mferejini, na 2,000 kwa kamba mpya. Jumla 37,000, pungufu ya moka kwa 8,000. Huu ni mwezi wa kumi na nne, na masika mbili zimepita. Kisigino cha kulia kimelika upande wa nje kwa sababu ndivyo ninavyotembea.

Moka iliyopasuliwa sikuichukua. Fundi aliomba aibakize. "Nitaitundika hapa. Mteja akinibishia bei ya uzi, namwonyesha." Nilipopita juzi ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wa mti wa mkungu anaofanyia kazi chini yake, kadibodi imekauka na kupinda kama ulimi, na kijana mmoja aliyeshika viatu vipya kwenye boksi alikuwa ameinama anaichungulia ndani.